Kifurushi Kilichopita Juu ya Ua

Kwa maelezo ya Bi Nham, maradhi yalikuja kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya Diu.

Anavyosimulia, ilikuwa siku ya sita ya mwezi wa pili mwandamo, alasiri, manyunyu yakiwa yale yale ya wiki nzima. Alimwona Diu akishuka kwenye pikipiki ya kukodi, anatoka kwao Dong Gie kumwona mama yake. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye vifundo. Hapa kijijini tope ni jeusi, kila mtu anajua. Sasa badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe wake akanawe, mkaza-mwana huyu akapita kwanza uani kwa Bi Nham kumpa wali wa kunata uliofungwa kwenye jani, salamu kutoka kwa mama yake. Akasimama pale, anasema Bi Nham, pale pale mlangoni pa banda, akawa anakanyagakanyaga kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jioni ile nguruwe mzazi mmoja akakataa pumba. Asubuhi yake vitoto vyake kumi na kimoja vinaharisha maji ya manjano na kutapika maziwa yaliyoganda. Siku ya nne hakikubaki hata cha dawa. Na kule Dong Gie, nani asiyejua kwamba nguruwe wao walikuwa wanaharisha tangu kabla ya mwaka mpya?

"Mimi sisemi alikusudia," Bi Nham humalizia, akiinua viganja. "Mtoto wa watu ni mpole. Nasema tu, miguu ina mambo."

Alilisema hilo kwenye kinu cha mpunga, akalisema kwa muuza samaki, akalisema kwenye foleni ya zahanati. Kila alipolisema tope lilipanda kidogo. Mwezi wa tatu ulipoandama lilikuwa limefika magotini.

Diu aliyasikia yote. Hakuwa mtu wa kujibu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, shule aliachia darasa la tano, na tangu aolewe kazi yake ilikuwa banda la uzazi: kupokea vitoto, kuvikausha, kuvikata ncha za meno zisimwumize mama, kuviweka chini ya taa ya joto, kuangalia. Hasa kuangalia. Mumewe, Hoach, alikuwa Korea kwenye kiwanda cha vipuri mwaka wa tatu sasa, na nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na nguruwe wazazi kumi na wanne.

Maneno ya Bi Nham angeyavumilia, jirani ni jirani. Lililomchosha ni kwamba mama mkwe wake, Mama Hoach, alikuwa ameyapokea. Na tarehe kumi na tisa ya mwezi huu wa tatu ilikuwa inatimiza mwaka tangu baba yake Diu afariki. Karamu ya mwaka wa kwanza si ya kukosa. Bakuli la kwanza la wali mbele ya picha ya marehemu huwekwa na mtoto wake, na mzee yule alikuwa na mtoto mmoja tu.

"Huendi," Mama Hoach alisema, mara ya kwanza Diu alipolitaja. Alikuwa anasukutua mdomo kwa chai, akatema nje ya kizingiti. "Ulikwenda mara moja tukazika vitoto mia moja na thelathini na mbili. Ukienda mara ya pili tutazikana wenyewe."

"Ni baba yangu, mama."

"Marehemu hana haraka. Walio hai ndio wana haraka."

Basi. Diu akachukua koleo.

*

Lakini Diu alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la shule lenye picha ya sungura kwenye jalada, na ndani yake aliandika kila kilichotokea bandani, kwa maneno mafupi, kwa sababu maneno marefu yalimchukua muda. Nani kazaa, vingapi, vingapi vimekufa. Na kwenye ukurasa wa mwezi wa pili, tarehe kumi na mbili, palikuwa na mstari ambao hakuna mtu mwingine aliyetaka kuukumbuka. *Kifurushi kutoka kwa Bi Nham. Nimesaga. Wote kumi na wanne wamekula.*

Ilikuwa asubuhi. Wakati huo kwa Bi Nham vitoto vilikuwa vinakufa kwa ndoo, na kwao, upande wa pili wa ua wa mianzi, hakuna hata kimoja kilichoharisha.

"Mama Hoach! Mama Hoach we! Umekufa?"

"Bado, naogopa utanirithi sufuria. Una nini?"

"Njoo upokee kitu."

Mkono wa Bi Nham ulitokeza juu ya ua, umeshika kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa ukili, vile vile anavyofunga fungu la jirani akitoka kwenye karamu. Hakuna anayetoka karamuni mikono mitupu, na hakuna anayesahau fungu la jirani. Safari hii ndani palikuwa na utumbo wa vitoto vya nguruwe.

"Vya alfajiri hii," alisema Bi Nham, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukesha. "Vimeanza kuharisha jana jioni, ni vibichi kabisa, ndivyo vyenye nguvu. Saga, wape wazazi wako kabla hayajawafikia. Bwana Luan kule bondeni aliwapa wake, hakupoteza hata kimoja."

"Nham, Mungu akuzidishie."

"Anizidishie nini, amenimaliza. We wape."

Ni jambo linalofanywa. Nguruwe mzazi akila utumbo wa vitoto wagonjwa, ataumwa siku mbili, atatapika, atakataa pumba, kisha atainuka na kinga ndani ya maziwa, na vitoto atakavyovizaa baadaye vitanyonya kinga hiyo. Wafugaji wa bonde zima wanalijua. Ila hufanywa kwenye banda ambalo maradhi yameshaingia, na kwa nguruwe aliyebakiza mwezi mzima au zaidi kabla ya kuzaa, ili mwili upate nafasi. Sehemu hiyo watu huisahau, kama wanavyosahau nusu ya pili ya methali.

Diu alisimama na kifurushi mkononi. Kilikuwa bado kina uvuguvugu.

"Mama, wetu si wazima?"

"Ndiyo maana tunawakinga. Mtu hununua mwavuli akishalowa?"

"Na hawa watano wanazaa wiki hii."

"Diu." Mama Hoach hakupaza sauti, hakuwa na desturi hiyo. "Mimi nafuga tangu hujazaliwa. Mume wangu alikufa akaniachia nguruwe wawili na mtoto mgongoni. Saga."

Akasaga. Alitumia ile mashine ya nyama ya mwaka mpya, akachanganya na maziwa ya unga na chumvi kidogo, akawagawia kijiko kimoja kimoja juu ya pumba. Baadaye aliiosha mashine mara tatu kwa maji ya moto, na tangu siku hiyo hakuweza kula chochote kilichopita humo.

Tarehe kumi na nne nguruwe watatu walitapika. Mama Hoach akafurahi, akasema kinga inaingia. Tarehe kumi na sita mmoja wao akazaa vitoto kumi na viwili, na kabla jua halijazama vilikuwa vinapanda mgongoni kwa mama yao vikitafuta joto, mikia imelowa, uzito wao ukipungua mbele ya macho kama sabuni kwenye maji. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilijaa bandani, ikaingia kwenye nywele, kwenye mto, kwenye wali. Diu na mama mkwe wake walivinywesha maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano, kitoto kimoja kimoja, wakimaliza safu wanarudi mwanzo. Mama Hoach alitia vitoto viwili ndani ya sweta lake, kifuani, akatembea navyo siku nzima akivisemesha. Vilimfia humo humo, na hakuvitoa mpaka Diu alipomwambia, "Mama, vimepoa."

Walichimba shimo nyuma ya migomba. Kisha la pili. Kisha wakaacha kuhesabu mashimo, wakawa wanatanua yale yale.

Na hakuna aliyesema neno kuhusu kifurushi. Bi Nham hakukitaja, Mama Hoach hakukitaja. Lilipokuja neno la miguu ya Diu na tope jekundu, lilikuta nafasi iko wazi, likakaa.

*

Tarehe kumi na sita ya mwezi wa tatu, mtaalamu wa mifugo kutoka chuo alirudi. Alikuwa msichana wa rika la Diu, jina lake Uyen, mwembamba, mwenye miwani inayoteleza. Mwezi uliopita alikuwa amepita vijiji vyote vya bonde, na Dong Gie pia, akichukua kinyesi cha nguruwe kwa vijiti vya pamba na kuvitia kwenye vichupa. Wengi walidhani hawatamwona tena. Watu wa vichupa huwa hawarudi. Lakini huyu alisimama langoni juu ya chokaa iliyomwagwa kuua vijidudu, akavua gambuti zake, akavaa za pale bila kuambiwa.

Mama Hoach alikuwa ameenda kinuni. Diu akamkaribisha chai chini ya ukingo wa paa. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Kuta zilikuwa zinatoka jasho, na nguo zilizofuliwa siku tatu nyuma bado zilikuwa mbichi kwenye kamba.

"Pole kwa mliyopoteza," Uyen alisema. "Nimeleta majibu. Nikuachie au nikuelezee?"

"Nieleze. Lakini mimi ni wa darasa la tano, dada."

"Hata mwalimu wangu husema hiki kirusi kinamfanya ajione wa darasa la tano." Akakunjua karatasi. Palikuwa na mchoro wa matawi matawi, na kwenye ncha ya kila tawi jina la kijiji. "Wote wanasema maradhi ni moja. Ni moja, lakini yana koo nyingi. Kirusi kinapozaliana kinajinakili, na kikijinakili kinakosea. Kosa moja huku, kosa moja kule. Kikiingia nyumba nyingine kinakwenda na makosa yake yote, halafu kinaongeza mapya."

Diu alitazama matawi kwa muda. Alimkumbuka mwalimu wao wa darasa la nne, mzee mwenye jicho moja bovu, na jinsi alivyowajua walionakiliana kwenye mtihani.

"Mwalimu wetu alikuwa anatukamata kwa makosa," alisema taratibu. "Jibu sahihi kila mtu anaweza kulipata. Lakini watoto wawili wakikosea kosa lile lile, mahali pale pale, basi mmoja kachungulia kwa mwenzake."

Uyen akaacha kusukuma miwani. "Ndivyo. Ndivyo hasa. Nitawafundishia hivyo wanafunzi, niruhusu."

"Sasa sisi tumechungulia kwa nani?"

Kidole cha Uyen kikashuka kwenye karatasi. "Hapa ni kwenu. Hapa ni kwa jirani yenu wa nyuma ya mianzi. Makosa yake yote mnayo, na kwenu yameongezeka mawili ambayo yeye hana. Kwa hiyo inaelekea kimetoka kule kuja huku. Na cha jirani yako kinafanana sana na nilichokipata kwenye uwanja wanakooshea malori ya nguruwe, kule mtoni."

Diu alikumbuka lori. Siku ya nne ya mwezi wa pili, kabla hajaenda kwao, dereva aliingia bandani kwa Bi Nham na gambuti zake kukamata nguruwe wawili wazee waliouzwa. Alikuwa ameliandika daftarini, kwa sababu nguruwe wale walipiga kelele sana.

"Na Dong Gie?"

"Dong Gie wako huku." Kidole kikaenda upande wa pili kabisa wa ukurasa. "Ukoo wa zamani, mpole zaidi. Hawajachunguliana na nyinyi hata kidogo."

Diu aliweka kikombe chini. Alitegemea kwamba akisikia jambo kama hili atalia, au atacheka. Alichohisi ni uzito tu wa mikono, kama mtu aliyebeba ndoo mbali, akaambiwa aiweke chini, na vidole vikakataa kufunguka.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Samahani?"

"Hakuna kitu."

Uyen alimtazama kidogo. "Karatasi haimwoni mtu, dada. Inaona ukoo tu. Lakini kama kuna mtu anasema kimetoka Dong Gie, mwonyeshe hii." Kisha akauliza kwa upole, kalamu ikiwa tayari: "Kuna kitu kilichotoka kwa jirani kuja kwenu siku zile? Koleo, pumba, viatu?"

Diu alitazama ua wa mianzi. Jani moja la mgomba lilikuwa limeinama juu yake, linadondosha maji.

"Nitamuuliza mama," alisema.

*

Uyen hajafika hata barabarani, kichwa cha Bi Nham kikatokeza.

"Huyo wa vichupa anasema nini?"

"Ameleta majibu, shangazi."

"Majibu!" Bi Nham alicheka, kicheko kisicho na pumzi. Alikuwa amekonda mwezi ule. Banda lake lilikuwa kimya sasa, taa za joto zimezimwa, na mwanamke aliyezoea kelele ya nguruwe hujisemesha hata na ukuta. "Mimi majibu nilikuwa nayo siku ile ile, bila miwani. Nisikilize mwanangu, mimi si adui yako. Vaa vizuri uende kwa baba yako, nani atakukataza? Ila ukirudi, pitia mtoni kwanza, usugue hiyo miguu."

"Mama amenikataza."

"Anafanya vizuri. Kidole kimoja kikivunda..." Hakumaliza, alikuwa anakohoa.

Karatasi ilikuwa ndani ya blauzi ya Diu, imekunjwa mara nne, juu kidogo ya kiuno. Ilikuwa kuitoa tu. Bi Nham alijua kusoma, angeona jina lake kwenye tawi, angeona lori la mtoni. Lakini angeona pia tawi la pili linalochipuka kutoka kwake, na angekumbuka, kwa sababu si mjinga, mkono wake mwenyewe juu ya ua na jani la mgomba. Na kufika jioni, kwenye kinu cha mpunga, kwa muuza samaki, kwenye foleni ya zahanati, hadithi ingekuwa mpya: Mama Hoach, mfugaji wa miaka thelathini, aliwapa nguruwe wake wazima sumu kwa kijiko.

"Jikinge na mvua, shangazi," Diu alisema, akaingia bandani.

*

Mama Hoach alirudi na gunia la pumba kwenye baiskeli, akalishusha peke yake, akakataa kusaidiwa. Kisha wakaanza kazi ya siku ile: kupaka chokaa vyumba vitano vya uzazi vilivyobaki vitupu, kwani nguruwe wengine wangezaa mwanzo wa mwezi wa nne. Ufagio wa Mama Hoach ulikuwa unakwenda juu na chini, juu na chini, na chokaa ilimdondokea kwenye nyusi akawa kama bibi wa miaka mia.

"Mtaalamu amekuja," Diu alisema.

"Nimeona alama za gambuti."

"Ameniachia karatasi."

Ufagio haukusimama. "Sina miwani."

"Nitakusomea."

Akaitoa, ikiwa na joto la mwili, akamsomea. Alisoma polepole, akiweka kidole chini ya kila jina, kama alivyofundishwa. Dong Gie upande huu. Uwanja wa malori, Bi Nham, sisi, upande huu. Aliposema "sisi" kidole kilibaki pale pale, akalirudia. Hakutaja kifurushi. Hakukuwa na haja. Kilikuwa mle ndani pamoja nao, na uvuguvugu wake.

Mama Hoach alikuwa amegeukia ukuta. Kwa nyuma alionekana mdogo, mabega kama hanga la nguo, na kwenye sweta lake, kifuani, Diu alijua palikuwa na doa la manjano ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote, na sweta lenyewe alikuwa anakataa kulitupa.

Nguruwe mmoja kwenye banda la pili alijigeuza akaguna. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati.

"Mimi ndiye niliyesaga," Diu alisema. "Hilo nalijua. Mkono ni wangu, sikatai. Lakini miguu si yangu, mama."

Ufagio ulipanda, ukashuka.

"Bi Nham sijamwonyesha. Nilikuwa nayo hapa, kati ya tumbo na blauzi, na sikumwonyesha."

Ufagio ukasimama. Ukabaki ukutani, chokaa ikichuruzika kwenye mpini hadi kwenye kiganja cha mama mkwe wake, naye hakukifuta.

Diu alikunja karatasi, mara moja, mara mbili. Alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno yalikuja yenyewe, bila kupangwa, bila woga.

"Keshokutwa naomba niende kwetu. Ni lazima nifike mapema nipike, mama yangu hawezi tena kusimama jikoni. Lakini sitaki kuondoka kama mwizi aliyepewa likizo. Naomba kabla sijaenda, usimame hapo kwenye ua, umwite Bi Nham kama unavyomwita siku zote, umwambie kwa mdomo wako kwamba si mimi. Sababu utaitafuta wewe, ya kweli au ya lori, sitaidai. Hilo moja tu. Utamwambia, mama?"

Mama Hoach alichovya ufagio kwenye ndoo, akaukung'uta ukingoni mara mbili, akaanza kupaka tena ule ule ukuta aliokuwa ameshaumaliza.